Nilifagia Nyayo za Kapteni Magoiga

Nilipogutuka kwamba nilikuwa nafagia, kazi ilikuwa imeshakwisha.

Naomba mlijue hilo tangu mwanzo, maana baadaye watu walisema mengi. Wapo waliodai nilifanya makusudi ili nipate jina. Jina gani tena, jamani? Jina ninalo: Mwajabu Shemhilu, mtaalamu wa miamba, mtoto wa Soni kule Lushoto, niliyesota mafunzoni miaka kumi na mmoja ili nikanyage mwezini siku tisa. Tisa tu! Na hiyo ilikuwa siku ya pili.

Asubuhi ile tulitoka kambini na kigari chetu, mimi na Asajile Mwaipaja. Nasema asubuhi kwa saa ya Mwanza, kilipo kituo chetu cha mawasiliano. Mwezini kwenyewe jua likichomoza linakaa wiki mbili ndipo litue, kwa hiyo mtu ukitegemea jua likwambie saa ya kulala, utakesha mpaka ukome. Asajile ndiye dereva na fundi wa mitambo, mtu wa Tukuyu, mwenye maneno mengi kuliko hewa aliyobeba mgongoni.

"Dada Mwajabu, shika vizuri," aliniambia redioni. "Kuna bonde."

"Mbona jana ulisema hivyo hivyo halafu ukaliparamia?"

"Jana nilikuwa nalisalimia."

Akaliparamia tena. Kigari kiliruka, na kwa kuwa vitu kule vina uzito wa sehemu moja tu ya sita, tulining'inia juu muda wa kutosha mimi kumaliza kumtukana na yeye kumaliza kucheka, kisha tukashuka taratibu. Nilifurahi sana siku ile, sifichi. Nilikuwa naimba.

Tulikuwa tunaenda alikotua Kapteni Magoiga Nyamhanga, mtu wa kwanza kutoka kwetu kufika mwezini, miaka thelathini iliyopita. Alikaa siku mbili, peke yake, akapanga vyombo vyake, akaokota mawe, akarudi nyumbani. Roketi yake ilipoondoka, moto wake ulipuliza vumbi lote kuzunguka pale na kufuta nyayo zake zote isipokuwa nne, zilizokingwa na jiwe moja kubwa linalotoshana na jiko la kuni la shule. Nne tu ndizo zilizosalia. Kule hakuna upepo wala mvua, kwa hiyo zilikuwa zikae hapo miaka milioni moja.

Nyayo hizo zinalindwa na Mkataba. Sote tuliuapia: atakayeharibu unyayo wa waliotangulia, anafungiwa ndani ya kambi mpaka chombo cha kurudi kiwe tayari, na hatapanda tena maisha yake yote.

*

Kazi tuliifanya vizuri, na hilo nalo naomba liandikwe.

Tulitandika mikeka yetu ya plastiki kuanzia kwenye kigari mpaka kwenye vyombo vya Kapteni, tusikanyage vumbi. Mtambo wetu wa Mfinyanzi ukapiga picha za eneo lote kwanza, kama Mkataba unavyotaka, picha za kupima mpaka unene wa unywele. Kisha Asajile akapangusa kile kioo ambacho wataalamu wa duniani hukimulika kwa mwanga na kuhesabu muda unaotumia kurudi, wakajua mwezi umesogea kiasi gani. Akang'oa kipima mitetemo cha zamani, akaweka kipya. Mimi nilitoboa ardhi kwa keekee, nikatoa bomba lenye vumbi la mita mbili, tabaka juu ya tabaka. Niliokota mawe kwa koleo, maana suti haikuruhusu kuinama, na kila jiwe nililipiga picha kando ya kijiti chenye rangi, nikalitia kwenye mfuko wenye namba. Moja lilikuwa la kijani kabisa! Nilipiga kelele mpaka Bi Kemilembe, mkuu wetu kule Mwanza, akauliza nani ameumia.

"Hakuna aliyeumia, mama. Ni jiwe."

"Mwajabu, nina presha mimi. Ukiona jiwe, sema jiwe."

Asajile akataka kuliona, akaruka, akaanguka kifudifudi, akainuka amejaa vumbi jeusi suti nzima. Nilichukua brashi yetu ya mpini mrefu nikampangusa, huku nikimwambia mama yake akimwona hivi hatamfungulia mlango.

Basi. Tukakunja mikeka. Mikeka ilikuwa imeacha michirizi, na miguu yetu ilikuwa imeteleza hapa na pale. Maelekezo yanasema acheni mahali kama mlivyopakuta. Asajile alikuwa anafunga mizigo, mimi nina brashi mkononi, mahali pamechafuka.

Kwetu Soni, nilikolelewa na bibi, uwanja haufagiliwi mtu akienda mbele. Unafagia ukirudi nyuma, usije ukakanyaga ulipokwisha kufagia. Ukimaliza, uwanja unabaki na mistari ya ufagio peke yake, na bibi akitoka ndani asione hata unyayo mmoja. Akiuona, unarudia. Nilifanya hivyo kila asubuhi kabla ya shule tangu nina miaka sita mpaka nilipokwenda bweni.

Na ndani ya suti ya mwezini huoni nyuma. Ukigeuza shingo, unakutana na ukuta wa helmeti yako mwenyewe.

Nilifagia. Kushoto, kulia, hatua moja nyuma. Kushoto, kulia. Vumbi la kule halitimki likaelea. Linaruka na kuanguka palepale, linafagilika vizuri mno, mistari inakaa kama umeichora kwa rula. Nilikuwa naimba wimbo wa kanisani, kwaya yetu ya zamani, na nadhani nilikuwa na furaha ya mtoto aliyewahi kuamka. Nikarudi nyuma, nikarudi nyuma, mpaka mgongo ukagonga kitu kigumu.

Nikageuka mwili mzima. Lilikuwa lile jiwe.

Nikatazama chini. Mistari. Mistari mizuri, imenyooka, mpaka mguuni pa jiwe, na kati yake hakuna kitu.

"Asa," niliita.

Alikuja akirukaruka. Alipofika alisimama, akatazama chini, akanitazama, akatazama brashi.

"Dada. Zile nyayo ziko wapi?"

"Nimefagia."

"Umefanyaje?"

"Nimefagia, Asa! Nimefagia!"

Akanyanyua mkono ninyamaze. Akazima redio yake, akazima yangu, akasogea mpaka helmeti yake ikagusana na yangu. Mwezini hakuna hewa ya kubeba sauti, lakini kioo kikigusa kioo, sauti inapita, nyembamba, na hakuna mwingine anayeisikia.

"Mwanza wamesikia umefagia," alisema. "Hawajui umefagia nini."

*

Mfinyanzi ni sanduku lenye miguu minne, kubwa kidogo kuliko cherehani. Linatia vumbi umeme kidogo, kisha linalivuta chembe moja moja na kulipanga linavyoagizwa. Tulipewa ili litufinyangie matofali ya ukuta wa kambi. Lakini Asajile ni fundi, na fundi kila mtambo anauona una kazi ya pili.

"Picha tunazo," alisema kiooni. "Kila chembe ilipokuwa, Mfinyanzi anajua. Nusu saa, nyayo zote nne zimerudi."

"Hizo hazitakuwa za Kapteni."

"Nani atajua?"

"Mimi nitajua. Na wewe."

"Sikiliza, dada. Kesho saa nne yule mama anakuja kuziona. Binti yake. Amengoja miaka mingapi? Unataka kumwonyesha mistari ya ufagio?"

Hapo aliniweza. Bhoke Magoiga, binti wa Kapteni, muuguzi mstaafu wa Tarime, alikuwa ameomba kitu kimoja tu: akae Mwanza azione nyayo za baba yake moja kwa moja kwa kamera yetu, siyo kwenye picha. Baba alikuwa amefariki mwaka uliopita. Safari zote zilizotangulia zilikwenda upande mwingine wa mwezi. Yetu ndiyo ya kwanza kufika pale.

Nilijiambia nafanya kwa ajili yake. Uongo mtupu. Niliwaza siku saba zilizobaki, na safari ya pili niliyokwisha kuahidiwa, na mawe ya kijani ambayo sijayaokota. Nikasema, "Haya. Mlete."

Mfinyanzi alisimama juu ya mistari yangu, akaanza kutetema. Vumbi likajiinua, likajipanga. Unyayo wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Zilionyesha mpaka mburuzo wa mguu wa kushoto, kwa sababu Kapteni alikuwa akiuburuta. Alipigwa teke na ng'ombe utotoni, na shule zote zinafundisha habari hiyo. Hata mimi niliyezifuta nisingeweza kutofautisha.

Asajile alifurahi kabisa. Akapiga makofi yasiyo na sauti.

Jioni kambini alipasha moto ndizi zetu za pakiti, chumba kizima kikinuka vumbi la mwezi, harufu ya fataki zilizokwisha kulipuka. Sikula. Bi Kemilembe akatupigia.

"Mgeni wetu amefika Mwanza," alisema. "Amekuja na basi tangu alfajiri, amevaa kitenge kipya, amebeba chupa mbili za chai ya maziwa kwa ajili ya chumba kizima cha mawasiliano. Watoto wa kompyuta hapa wanamwita mama wote. Jamani, mama wa watu huyu! Ameniuliza kama Mwajabu anaweza kuweka mkono karibu na unyayo, bila kugusa, aone ukubwa wake."

"Nitaweka, mama," nilisema.

"Una mafua? Sauti imekauka."

"Ni vumbi."

Asajile alisogeza sahani yangu karibu nami, akaacha kutania.

*

Saa nne kamili tulikuwa pale. Nilisimama juu ya mkeka, kamera kifuani, brashi imefungwa begani kama kawaida. Asajile alikaa kwenye kigari. Mazungumzo ya kule yanataka subira: ukiuliza, sauti inasafiri mpaka duniani na jibu linarudi, na hapo sekunde mbili na nusu zimepita. Kwa hiyo kila jambo unalolisema unakaa nalo kwanza.

"Mwajabu," ilisema sauti ya Bi Kemilembe, "mama yuko hapa. Tuonyeshe."

Niliinamisha kifua taratibu, kamera ikazielekea nyayo.

Nikasubiri.

"Ehee," ilisema sauti ya mama mtu mzima, ya chini, isiyo na haraka. "Ndiye huyo. Tazameni mguu wa kushoto. Tazameni anavyouburuta." Kisha ikatulia, na iliporudi ilikuwa sauti ya mtoto. "Shikamoo, baba."

Nyie, kuna mambo mtu anaweza kuyabeba na kuna mengine hapana. Mama wa miaka karibu sitini, amevaa kitenge kipya, anakiamkia kitu kilichofinyangwa na mashine ya matofali! Nilisikia Asajile akishusha pumzi redioni. Najua alichotaka: ninyamaze dakika kumi tu, mama afurahi, arudi Tarime na amani yake. Hata leo sisemi Asajile ana roho mbaya. Ana roho nzuri mno, ndiyo shida yake.

"Mama," nilisema, "usiziamkie. Siyo zake."

Nikaendelea kabla jibu halijafika, maana lingefika ningeogopa. "Za baba yako nilizifuta jana mimi mwenyewe, kwa brashi. Sikukusudia. Hizi ni nakala, nimezitengeneza kwa mashine nikuonyeshe usijue. Nisamehe, mama. Bi Kemilembe, kosa ni langu, siyo la Asajile."

"Ni letu," alisema Asajile kutoka kwenye kigari. "Mashine niliiwasha mimi."

Sekunde mbili na nusu zikapita. Zikapita nyingine. Nilihesabu mpaka ishirini.

"Mwajabu," alisema Bi Kemilembe polepole. "Umesema ulizifuta na nini?"

"Brashi. Nilikuwa nafagia."

"Unafagia... mwezini."

"Palikuwa pamechafuka, mama."

Nikasikia vurugu ya sauti, kiti kikiburutwa, mtu akisema hebu nipishe, na yule mama akawa karibu na kipaza sauti.

"Binti. Ulifagia ukienda mbele au ukirudi nyuma?"

Nilidhani sikusikia vizuri. "Nikirudi nyuma, mama."

"Ahaa. Kwa hiyo umelelewa."

Halafu akacheka. Siwezi kuwaeleza kile kicheko. Kilianzia chini, kikapanda, kikamkatisha pumzi, kikaanza upya.

"Sikilizeni," alisema alipopata nafasi. "Mama yangu alifagia uwanja kila siku ya Mungu. Na kila siku ya Mungu, akimaliza tu, baba anatoka zizini na buti zake, anapita katikati! Mama anapiga kelele, 'Weee Magoiga! Nimefagia sasa hivi!' Na baba anasimama palepale katikati ya uwanja, anavua kofia, anasema, 'Nisamehe, mama Bhoke. Nilidhani ni uwanja wa jirani.' Miaka hamsini na zaidi! Jirani mwenyewe yuko ng'ambo ya mto! Siku baba aliporudi kutoka huko mwezini, wakubwa wamejaa sebuleni, mama akamuuliza mbele yao, 'Na huko nako umeacha nyayo ovyo?' Baba akasema, 'Zipo. Huko hakuna wa kunifagilia.' Tulicheka mpaka wakubwa wakasahau hotuba." Akapenga kamasi. "Mama alitangulia miaka sita kabla ya baba. Leo angekuwepo hapa, angesema afadhali, amepatikana mwenye adabu."

Nililia ndani ya helmeti, jambo baya sana, maana huwezi kufuta macho.

"Nimeumia, binti, nisikudanganye," aliendelea, na sasa hakuwa akicheka. "Nilitaka kuziona. Lakini hizo za mashine sizitaki. Zifagie."

Nilishusha brashi begani. Nikazifagia zote nne, nikirudi nyuma, mistari ikanyooka mpaka ukingoni mwa mkeka.

Bi Kemilembe akakohoa. "Mwajabu, Mkataba unaujua. Nitaandika kila kitu kama kilivyo."

"Andika, mama."

Na aliandika kweli. Baraza la Mkataba lilikaa siku mbili. Mama Bhoke alinitetea mpaka likaniachia siku zangu zilizobaki, lakini safari ya pili nilinyimwa, na Asajile naye akaondolewa kwenye mashine kwa mwaka mzima. Haki yao. Sina kinyongo, ila mtu akinitajia mawe ya kijani huwa naondoka mezani.

Ila hayo ni ya baadaye. Wakati ule nilikuwa bado nimesimama ukingoni mwa uwanja safi, brashi mkononi, nikingoja kuambiwa nirudi kambini.

"Binti," alisema Bhoke Magoiga. "Sasa pita."

"Nipite wapi, mama?"

"Hapo ulipofagia. Katikati."

"Mama, hapa pamekatazwa."

Nilimsikia Bi Kemilembe akifunua karatasi. Ana presha, lakini ana akili pia. "Mkataba unalinda nyayo," alisema. "Mimi hapo sioni nyayo."

Nilishuka kwenye mkeka. Mwili wangu wote ulikataa; miaka yote ile ya bibi ilinishika miguu. Nikakanyaga. Hatua moja, mbili, tatu, nne, katikati kabisa ya mistari yangu, vumbi likipokea buti zangu na kuzikariri. Nikasimama.

Sekunde zikapita, kisha helmeti yangu ikajaa sauti.

"Weee Magoiga!" alipiga kelele Bhoke, kwa sauti ambayo haikuwa yake, ya mwanamke mwenye ufagio mkononi na uwanja mzima wa kuulinda. "Nimefagia sasa hivi!"

Kofia sikuweza kuvua. Niliinamisha kichwa.

"Nisamehe, mama Bhoke," nilijibu. "Nilidhani ni uwanja wa jirani."

Nikasubiri jibu lisafiri. Lilipofika, chumba kizima cha Mwanza kilikuwa kinacheka, na katikati ya kicheko hicho kulikuwa na mtu mmoja analia kwa raha zake, hana haraka, akimwita baba yake na mama yake kwa majina.

Nyayo zangu ziko pale mpaka leo, nyuma ya lile jiwe. Ni nne, nilizihesabu; mkekani nilirudi kwa kuruka. Atakayefika na kukuta pamechafuka, ruksa afagie.